Msimu wa Kuinua Ng'ombe

Jumanne, 2 Septemba

Nimeamua kuandika, maana kusema na Kaka siku hizi ni sawa na kusema na mlango, na mlango angalau hulia ukiusukuma.

Jana alikuja mwenye bucha wa mjini na lori lake. Alizunguka zizini, akawabonyeza ng'ombe wetu mbavuni, akataja bei. Ilikuwa bei ya kututukana, lakini ilikuwa bei. Mvua za mwanzo wa mwaka hazikuja, bwawa limekuwa sahani ya udongo, na karibu nusu ya kundi alilotuachia baba tumeshaliburuta korongoni. Waliobaki ni ishirini na kitu, ngozi na mifupa. Nikamwambia Kaka tuuze hawa wanyonge, tubaki na majike machache yenye nguvu, mvua ikinyesha tuanze upya. Kaka alikuwa anajikuna shingo. Namjua tangu utotoni, akijikuna shingo ujue ameshakubali.

Leo asubuhi akaja Redio. Ni jirani yetu wa upande wa bwawa, tunamwita hivyo kwa sababu hazimwi. Anasema serikali imetangaza wilaya yetu ni eneo la maafa. Kila mfugaji atalipwa fedha za malisho kwa kila ng'ombe atakayekutwa hai siku ya kuhesabu. Zinaingia kwenye simu moja kwa moja, hazipitii mkononi mwa mtu.

Kaka aliacha kujikuna.

"Hakuna kuuza hata mkia," akasema.

Wifi, mke wake, akamshukuru Mungu kwa sauti. Wifi yangu hushukuru mapema, hata sufuria haijachemka. Nilirudi kwenye boma hili baada ya mume wangu kufariki, na nusu ya ng'ombe ni wangu kwa wosia wa baba, lakini neno la mwisho limekuwa la Kaka sikuzote na sikuwahi kulipigania. Mwenye bucha, aliyerudi leo kuchukua jibu, aliondoka kwetu na lori tupu. Redio peke yake ndiye aliyemuuzia, tena wote, kisha akaja kutupa habari ya serikali huku anajipiga kichwa.

Ijumaa, 5 Septemba

Vumbi. Nimefagia mara mbili, nikaacha.

Jumatano, 10 Septemba

Karani ameshindwa kuinuka. Tunamwita Karani kwa sababu hutazama kila kitu kwa dharau na hafanyi haraka. Tulimkuta amelala ubavu, jicho moja kwenye mavumbi. Ng'ombe mnyonge akilala sana miguu inakufa ganzi, na ikishakufa ganzi hainuki tena, kwa hiyo lazima ainuliwe. Unapitisha gunia chini ya tumbo. Mmoja anavuta huku, mwingine kule, wa tatu anashika mkia. Mnainua kwa pamoja, ng'ombe anasimama akitetemeka, mnamshikilia mpaka miguu yake ikumbuke kazi.

Karani alisimama. Akatutazama kama tumemkatisha usingizi wa maana.

Jumatatu, 15 Septemba

Mkutano kwenye ukumbi wa shule. Bwana Mifugo, afisa wa wilaya, alisimama mbele akiwa na shati lililopigwa pasi mpaka linakwaruza. Kijana anayeweza kuwa mwanangu. Akasema kuhesabu kwa upande wetu ni Alhamisi hii. Atapita boma kwa boma na brashi na rangi nyekundu, kila ng'ombe anapakwa kiunoni ili asihesabiwe mara mbili, na karani wa makao makuu anapiga picha.

"Sharti ni moja tu," akasema. "Ng'ombe awe amesimama kwa miguu yake. Aliyelala hahesabiwi. Hatuwezi kupeleka malisho kwa mnyama anayekufa."

Redio, ambaye hana hata ng'ombe mmoja wa kuhesabiwa, akanyoosha mkono. "Je, akisimama, halafu akaanguka wakati unaandika?"

"Nitakuwa nimeshampaka, mzee."

"Na aliyeegemea ukuta?"

Watu wakacheka. Hata Kaka alicheka. Bwana Mifugo hakucheka, akarudia, "Kwa miguu yake." Nilimwona ni mtu wa vitabu tu, asiyejua ng'ombe anavyonuka akilowana. Njiani Kaka alikuwa anatembea kwa mwendo ambao sijauona tangu mwaka jana.

"Siku tatu tu," akasema. "Hata mimi naweza kuwasimamisha peke yangu siku tatu."

Alhamisi, 18 Septemba

Wifi alifagia uwanja kama tunapokea wageni wa posa. Tulianza kuinua kabla jua halijatoka, saba walihitaji gunia. Kufikia saa tatu wote walikuwa wima. Tukakaa kando yao. Akiyumba mmoja, tunamkimbilia. Mchana tulikula kwa zamu.

Jioni Redio akapita. Gari la wilaya halina mafuta. Watatangaza siku nyingine.

Kaka akasema, "Basi. Si mbali." Ng'ombe wakaanza kulala mmoja mmoja, kama walikuwa wanasubiri kuambiwa.

Ijumaa, 19 Septemba

Tumeinua.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumeinua. Mdeni amekataa. Alipewa jina hilo kwa sababu ukimwita anaenda upande mwingine. Leo hakwenda popote. Tumemburuta korongoni kwa kamba, Kaka mbele, mimi na Wifi nyuma.

Jumatano, 24 Septemba

Mwenye bucha amerudi. Bei imeshuka, na hakuona haya kuitaja. Ana sauti ya upole mtu huyu, hata akikunyonga atakuomba radhi.

"Dada, mimi nawapeleka kwenye shamba la mto, nawanenepesha," aliniambia pembeni. "Wanaofika, wanafika. Nusu wananifia njiani. Ndiyo maana bei iko hivyo."

Nikamfuata Kaka zizini. Nikamwambia leo ndiyo leo, kwamba tunawaweka ng'ombe hai ili watu wa wilaya waje wawaone, na watu wa wilaya hawaji. Nikamwambia nataka kuuza nusu yangu.

"Nusu yako ipi?" akauliza. "Wametiwa alama? Nionyeshe mguu wako na mguu wangu."

"Kaka, hawa wanakufa."

"Baba alituachia ng'ombe. Hakutuachia nyama."

"Alituachia na akili. Yako umeiweka wapi?"

Sijawahi kumwambia Kaka neno kama hilo. Aliweka gunia chini. Kwa muda nilidhani atanipiga, ingawa hajawahi kunigusa maishani. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba tukiuza leo tutakula miezi miwili, kisha tutakuwa watu gani? Wakulima? Wapagazi wa stendi? Ana miaka sitini na moja, akasema, na hajui kufanya kitu kingine chochote duniani. Zikiingia fedha za malisho, kumi na watano wakavuka, kundi linarudi baada ya miaka minne. Ameshapiga hesabu.

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ilikosa kitu kimoja tu, gari la wilaya. Lori likaondoka tupu mara ya pili.

Jumapili, 28 Septemba

Tumeinua. Ng'ombe hawajui Jumapili.

Alhamisi, 2 Oktoba

Bwana Mifugo alipita na pikipiki. Nilisimama katikati ya njia mpaka akasimama. Nikamtolea uvivu. Nilimwambia yote, kwamba huku tunainua ng'ombe kila siku kwa ajili ya brashi yake, kwamba viuno vimetuishia, kwamba ni heri wangesema hapana tangu mwanzo. Alizima pikipiki, akavua kofia, akasikiliza. Shati lake halikuwa limepigwa pasi.

"Mafuta yamepatikana, mama," akasema. "Sasa rangi haijafika."

Nikaenda ndani, nikamletea kopo la rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka milango.

"Lazima iwe nyekundu. Picha zikifika na bluu, makao makuu watazikataa."

"Rangi nayo ina cheo?"

Akatabasamu kidogo. Aliomba maji, akayanywa akiwa amesimama, akawatazama ng'ombe wetu kwa jicho ambalo sikulitegemea. Akasogea kwa Bibi Harusi, yule mweupe usoni anayetembea taratibu, akamshika chini ya taya, akamtazama ufizi. Alijua anachokitazama.

"Na wewe unafuga?" nikamuuliza.

"Baba yangu, wilaya ya pili. Wameisha mwezi wa nane." Alisema kama mtu anayetaja saa. "Kule hawakutangaza maafa. Mpaka unapita katikati ya bwawa."

Aliniachia chumvi ya mifugo kwenye mfuko wa nailoni. Tangu aondoke nimeshindwa kumchukia vizuri, na hilo linaniudhi.

Jumanne, 7 Oktoba

Hakuna majani, si ya kununua wala ya kuiba. Wifi aliingia ndani na kisu, akapasua godoro lao la majani makavu, akayatoa nje kwa mabeseni. Kisha akaja chumbani kwangu na kisu kilekile.

"Wifi, nyanyuka."

Tumelala juu ya mikeka. Nimemdharau mwanamke huyu miaka mingi kwa sababu ya shukrani zake za bure. Leo nilimwona ananyunyizia maji ya chumvi kwenye majani aliyoyalalia tangu harusi yake, analisha kwa mkono, huyu tonge, yule tonge, na hakushukuru wala hakulalamika. Nilikaa kando yake, tukawa tunalisha pamoja. Aliniambia Kaka huzungumza usingizini. Anahesabu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mgongo wa Kaka umekatika. Alikuwa anainua Mwenyekiti, dume letu, tukasikia amepiga kelele moja fupi, akabaki ameinama. Wifi amemkanda kwa maji moto. Hawezi kusimama wima. Anasema ni mshipa tu.

Sasa tunainua mimi na Wifi. Kuna wanne ambao sisi wawili hatuwawezi, kwa hiyo Kaka ametuamuru tuwaingize kwenye kichochoro. Ni ule uchochoro wa nguzo na mabanzi tunamopitisha ng'ombe kwa ajili ya sindano. Ni mwembamba, ng'ombe akiwa ndani hawezi kugeuka wala kulala. Tumefunga na magunia pembeni yasiwachune. Wanabaki wima hata wakisinzia.

"Umeona?" Kaka akasema, amejikunja juu ya kigoda. "Wamesimama."

Nimeona ng'ombe wanaotaka kulala na hawaruhusiwi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Rangi imefika! Redio ameiona kwa macho yake, makopo sita. Kuhesabu ni Ijumaa. Bwana Mifugo mwenyewe amepiga simu kuthibitisha. Tumebaki na ng'ombe kumi na wanne. Wifi ameshukuru, na leo nami niliitikia.

Jumatano, 15 Oktoba

Mawingu. Mazito, meusi, kutoka upande wa milima. Barabarani watu wanapigiana vigelegele. Kaka ametoka nje akishikilia ukuta, akatazama juu, uso ukamshuka.

Mvua ya kwanza ni baridi. Ng'ombe mnene anajikung'uta, anaendelea na yake. Ng'ombe asiye na mafuta haoni tofauti ya mvua na kisu.

"Isubiri," Kaka alikuwa anaiambia mbingu. "Isubiri siku mbili tu, jamani. Mwaka mzima umekaa."

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandika jioni. Sijui nianzie wapi.

Jana mvua ilianza saa kumi alasiri, na haikuanza kwa matone, ilimwagika. Tuliwavika ng'ombe kila kilichokuwa ndani. Mablanketi, magunia, mapazia ya Wifi yenye maua, koti la marehemu mume wangu. Kumi na wanne ni wengi kuliko nguo zetu. Tope likawa mpaka kwenye vifundo. Wakaanza kulala, na ng'ombe mnyonge akilala topeni haamki.

Kaka akasema, "Kichochoro. Wote."

"Hawatoshi wote."

"Wanaotosha."

Tukawasukuma, pua kwa mkia, wakaingia tisa. Waliobaki tuliwaweka chini ya kibanda cha kuni, wakatoshea watatu tu, mitamba wawili na Bibi Harusi. Wawili walilala uwanjani mbele ya macho yetu, na Kaka akasema tuwaache. Giza lilipoingia Wifi alimvuta Kaka ndani kwa nguvu, maana alikuwa anatetemeka kama wao.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka safi, jua la kupiga picha. Nilitangulia kutoka. Nikatazama kichochoroni, moyo ukaruka kwa furaha. Wote tisa walikuwa wima! Mwenyekiti mbele, Karani nyuma yake, pazia la maua limemgandia pembeni. Nikamwita Wifi. Nikakimbia, nikampiga Karani kiunoni kama ninavyofanya kila siku.

Alikuwa wa baridi. Mgumu kama ubao.

Nikaenda kwa wa pili, wa tatu. Mabanzi yaliwashika pande zote, hawakuwa na pa kuangukia. Wamekufa wamesimama, vichwa wameviegemeza kwa aliye mbele. Nikatembea mpaka mwisho wa kichochoro na kurudi, nawashika masikio, natafuta hata mmoja. Nilisikia mtu analia kwa sauti ya ajabu, kumbe ni mimi.

Kaka alikuja anajiburuta. Alitazama muda mrefu. Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akaokota pazia, akalikamua maji, akaanza kuwafuta tope, mmoja mmoja, migongo na mapaja, taratibu, kama mtu anayeandaa ng'ombe kwa maonyesho.

"Kaka," nikasema.

"Wanakuja leo," akasema.

Walikuja saa nne. Gari la wilaya, mafuta tele, rangi tele. Bwana Mifugo na yule karani wa makao makuu, binti mwenye buti safi aliyebaki garini kwanza kwa kuogopa tope. Bwana Mifugo akawapaka wale watatu wa kibandani, wazima, wanatetemeka lakini wanatembea. Akaja kichochoroni na brashi yake. Akasimama mbele ya Mwenyekiti, akaweka mkono puani kwake. Akautoa.

"Pole sana, mzee," akasema.

"Hesabu," Kaka akasema.

"Mzee."

"Si ulisema aliyesimama? Kwa miguu yake? Tazama. Kuna aliyelala hapo? Mwezi mzima nimewasimamisha. Alhamisi ile walikuwa wamesimama, hukuja. Mpaka rangi inakosekana walikuwa wamesimama. Sasa umekuja na wamesimama. Hesabu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuwa amejikunja, kichwa chake hakifiki hata begani kwa kijana yule, na pazia la maua bado liko mkononi. Wifi aligeuza uso. Mimi nilimtazama Bwana Mifugo, nikawa namwomba kimoyomoyo. Nakiri hapa, niliomba apake.

Akachovya brashi. Akampaka Mwenyekiti kiunoni, mstari mmoja. Akampaka Karani. Akaenda mpaka wa mwisho. Rangi ilikuwa inachuruzika kwa sababu ngozi zilikuwa zimelowa.

Binti akashuka garini, akapiga picha za haraka.

"Mbona hawasogei?" akauliza.

"Wamechoka," Bwana Mifugo akasema. Wakaondoka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumewatoa kichochoroni. Ilibidi tuvunje mabanzi.

Jumapili, 26 Oktoba

Majani yametoka, madogo, ya kijani ya kuumiza macho. Mtamba mmoja alivamia, akala bila kusimama, jioni tumbo likajaa upepo, akafa. Njaa haikumuua, shibe imemuua. Kaka hakutoka nje kuangalia.

Jumanne, 4 Novemba

Fedha zimeanza kuingia. Mama wa boma la juu amepata, wale ndugu wawili wa barabarani wamepata. Simu ya Kaka ililia tukiwa tunakunywa chai. Hakuvaa miwani, akanipa nisome. Nikasoma kwa sauti kabla sijaelewa ninachosoma:

"Kaya yako imeondolewa kwenye orodha ya malipo ya maafa kwa kutoa taarifa zisizo sahihi. Usijibu ujumbe huu."

"Rudia," Kaka akasema.

Nikarudia. Alimaliza chai yake. Akainuka, akaenda kulala, na ilikuwa asubuhi.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilikwenda ofisini wilayani. Nilikuwa nimejiandaa kupigana, nimevaa viatu vya kupigania. Meza ya Bwana Mifugo ilikuwa na mtu mwingine. Mwenyewe nilimkuta nje, anafunga sanduku la vitabu nyuma ya pikipiki kwa mpira. Wamemsimamisha kazi.

Picha zile zilimfikia mkubwa fulani. Kwenye mojawapo kunguru ametua juu ya kichwa cha ng'ombe, na ng'ombe hajali. Kwanza walicheka ofisi nzima, aliniambia. Kisha wakaacha kucheka. Wakafuta kaya yote, hadi wale watatu waliokuwa hai.

"Ungepaka watatu," nikamwambia, "tungelipwa watatu."

"Najua, mama."

"Tungekaza. Tungenunua hata ndama."

"Najua. Nilidhani nawasaidia."

"Ulipaka mizoga rangi!"

"Mzee alinitazama."

"Ananitazama mimi maisha yangu yote, na sijawahi kupaka kitu."

Mara nikakumbuka kwamba mimi pia niliomba apake. Nilitafuta tusi la kummalizia, sikulipata. Huruma yake ndiyo iliyotumaliza, na mimi sina mwingine aliyetuonyesha huruma mwaka huu. Nilimshikia sanduku wakati anakaza mpira. Alisema anarudi kwa baba yake. Sikumuuliza kufanya nini huko.

Alhamisi, 20 Novemba

Kaka ana siku nyingi hatoki kitandani. Daktari anasema kuna pingili imeteleza, na anahitaji dawa ambazo hospitali haina lakini duka la mbele ya hospitali linazo. Tumemuuza mtamba aliyebaki, na Bibi Harusi. Mwenye bucha alilipa vizuri, maana ng'ombe sasa wamepanda bei. Alisema pole kila baada ya noti.

Zizi ni tupu. Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama kwa muda. Wazee wetu walikuwa maskini, lakini hakuna aliyewahi kuamka akakuta zizi tupu.

Majani yamefika magotini. Usiku yananukia mpaka ndani.

Jumamosi, 29 Novemba

Mwenye bucha alikuja jana kwa miguu, lori kaliacha barabarani. Aliketi kando ya kitanda cha Kaka, akaulizia afya, akatazama nje dirishani.

"Kaka yangu," akasema, "majani yako yanaharibika."

Ng'ombe aliowanunua wakati wa ukame, wale waliofika shamba la mto, wamenenepa. Shamba limemjalia. Anatafuta pa kulishia, na watu wanaojua kazi. Atalipa mshahara kila mwisho wa mwezi, kwetu sote watatu, na maziwa ya nyumbani tutakamua. Alisema yote hayo akitazama miguu yake, na nadhani alikuwa anaona haya kweli. Nilitafuta ndani yangu furaha ya mtu aliyesema tuuze tangu mwanzo. Haikuwepo. Nilitamani Kaka amfukuze, hata kwa fimbo ya kutembelea.

Kaka alijikuna shingo.

Leo wamefika. Wanang'aa, wananesanesa kwa unene. Redio alisimama kwenye uzio akawatambua wanane kuwa walikuwa wake, akawataja majina, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakaa kimya. Wifi alifungua lango. Kaka alitoka kwa fimbo, amevaa kofia yake, akasimama mahali pake pa siku zote, akawapigia ule mluzi wa kuwaingiza zizini, mrefu kisha mfupi, alioufundishwa na baba. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Akapiga tena. Waliendelea kula tu, hawaijui sauti yake, hata wale wa Redio hawakuijua. Mwishowe mwenye bucha akapiga makofi mawili, wakaingia.

Kaka alishusha mkono kutoka mdomoni. "Watanizoea," akaniambia. Nikasema ndiyo. Nikaingia ndani nikalia, nikanawa uso, nikatoka kumsaidia Wifi kufunga lango.

Kesho tunaanza saa kumi na mbili. Mwenye bucha amesema, kwa upole, kwamba hapendi watu wa kuchelewa.